Muulize Mwalimu: Ufunguo Mmoja, Vituo Vitatu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninawaandikia programu wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa upande wa Pongwe. Asubuhi mfugaji akileta maziwa, mpimaji anaingiza lita, na mashine inatoa risiti yenye msimbo wa QR. Ndani ya QR mna sahihi ya kidijitali, ili mwisho wa mwezi pasiwe na ubishi. Vituo ni vitatu. Programu nimeiandika kwa lugha ya C na maktaba ya OpenSSL, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa wa kazi za usimbaji na sahihi. Ufunguo wa siri wa kusaini, wa aina ya RSA, niliuzalisha kwenye laptopu yangu, nikawatumia wenzangu wa vituo vingine kwa WhatsApp. Shida zangu ni mbili. Kila mpimaji akifungua orodha ya mwezi, programu inahakiki risiti zote upya na kula kumbukumbu zaidi, mpaka mashine inazidiwa. Pili, tangu nihamie OpenSSL 3, nikikompaili naletewa maonyo kwamba fankisheni za RSA ninazotumia zimewekwa kando. Je, na ufunguo wenyewe niubadilishe? Risiti za zamani zitakuwaje?
Fundi programu, Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniuliza mengi, lakini lililonishtua ni lile ulilolipitia juu juu: WhatsApp. Nitaanza nalo. Hayo mengine ni kazi ya jioni moja, ila hili linagusa hela ya watu wanaoamka saa kumi alfajiri kukamua.

Ufunguo wa siri ndio mhuri wa kikundi. Aliye nao anaweza kutoa risiti ya lita arobaini ambazo hazikupimwa, na programu yako itaikubali. Sasa hivi upo kwenye laptopu yako, kwenye simu za wenzako, pengine na kwenye nakala za akiba za simu hizo, ambazo wewe huzioni wala huwezi kuzifuta. Simwiti mtu mwizi. Nasema tu kwamba huwezi tena kujua nani anao, na ufunguo wa namna hiyo uhesabu umevuja. Hata wenzako wote wakiwa waaminifu, ikitokea risiti yenye utata huwezi kusema imetoka kituo gani. Sahihi inakwambia tu kwamba mmoja wenu amesaini.

Kwa hiyo ndiyo, badilisha. Na safari hii ufunguo uzaliwe palepale utakapofanya kazi, kila kituo na wake, na ule wa siri usitoke kwenye mashine hiyo hata siku moja. Kinachosafiri ni ufunguo wa umma peke yake, ule wa kuhakikia sahihi, usioweza kusaini. Keti kwenye mashine ya kituo, andika:

openssl genpkey -algorithm ED25519 -aes256 -out kituo1.pem
openssl pkey -in kituo1.pem -pubout -out kituo1-umma.pem

Amri ya kwanza itakuuliza nenosiri. Ukilifungua faili lake utakuta mstari wa juu unasema BEGIN ENCRYPTED PRIVATE KEY. Ukikuta BEGIN PRIVATE KEY bila neno ENCRYPTED, ujue ufunguo umelala wazi. Kisha liwekee chmod 600, ili mwenye faili peke yake aweze kulisoma na kuliandika, na faili liwe mali ya mtumiaji anayeendesha programu, si mwingine. Faili la pili ndilo utakalolipeleka kwenye seva.

Kuna jambo la nenosiri ambalo vitabu hulipita haraka. Umeme ukikatika usiku na kurudi, programu itawaka yenyewe, na nani ataandika nenosiri? Wengi hapo huliandika kwenye faili la mipangilio lililo jirani na ufunguo. Anayeiba kimoja ameiba vyote viwili, basi usimbaji huo hauzuii chochote. Kwako wewe mpimaji yupo kila asubuhi kabla ya dumu la kwanza kufika. Yeye aandike nenosiri, programu iufungue ufunguo, kazi ianze.

Tena usitengeneze kituo kimoja halafu ukanakili kadi ya kumbukumbu nzima kwenda vituo vingine. Najua ndivyo mafundi wetu wanavyookoa muda, lakini ufunguo nao utanakiliwa, na utakuwa umerudi kwenye ufunguo mmoja. Na mashine ndogo ikiwa ndiyo kwanza inawaka, isizalishe ufunguo hapohapo. Ipe muda ikusanye unasibu wa kutosha, yaani data isiyotabirika ya kutengenezea ufunguo. Mwaka 2012 watafiti walipokusanya funguo za umma kutoka kwenye intaneti walikuta vifaa vingi vina funguo zinazofanana, na vingine vya RSA vinachangia namba tasa za kujengea ufunguo, kwa sababu vilizalisha funguo kabla havijapata unasibu huo. Maktaba yenyewe nayo iwe ya sasa. Kuanzia 2006 hadi Mei 2008, OpenSSL iliyokuja na Debian, mfumo endeshi wa Linux, ilikuwa na mstari ulioondolewa kimakosa, na kwa kila aina na urefu wa ufunguo, kwenye aina moja ya mashine, zikabaki funguo 32,768 tu zinazoweza kutokea. Hizo laptopu ya kawaida inazijaribu zote.

Utaona nimekuhamisha kutoka RSA kwenda Ed25519, aina nyingine ya ufunguo wa kusaini. RSA ya biti 2048 bado inakubalika, lakini sahihi yake ni baiti 256, na ukiiandika kwa herufi za base64 inakuwa herufi 344. Ya Ed25519 ni baiti 64, yaani herufi 88. Kwenye karatasi ya milimita 58 tofauti hiyo utaiona kwa macho: QR ya RSA inakuwa na vidoti vidogo vilivyobanana, simu ya bei nafuu inahangaika kuisoma. Ya Ed25519 inasomeka hata karatasi ikiwa imekunjwa mfukoni.

Sasa kumbukumbu. Msimbo wako sijauona, ila dalili hizo ni za mtu anayeusoma ufunguo upya kwa kila risiti bila kuuachia. Ndani ya OpenSSL ufunguo unakaa kwenye kitu kinachoitwa EVP_PKEY. Hupaswi kuchungulia ndani yake. Unakishika kwa pointa tu, yaani anwani yake kwenye kumbukumbu. Kila EVP_PKEY ina hesabu ya wanaoishika. PEM_read_PrivateKey inakupa mpya yenye hesabu ya moja, na hiyo moja ni yako. EVP_PKEY_up_ref inaongeza moja, EVP_PKEY_free inapunguza moja, na hesabu ikifika sifuri ndipo ufunguo unapofutwa kweli. Usipoita free, hesabu haifiki sifuri, na kila risiti inaacha ufunguo wake nyuma. Huko ndiko kumbukumbu kuvuja.

Zitazame namba zilizo ndani ya majina ya fankisheni, zinasema nani anawajibika. Yenye get0 inakuazima: tumia, usiiachie. Yenye get1 imekuongezea hesabu: ukimaliza lazima uiachie. Kwa hiyo EVP_PKEY_get0_RSA haifuatiwi na RSA_free, lakini EVP_PKEY_get1_RSA inafuatiwa. Wapo wasio na namba, na hao ndio wanaowanasa watu: X509_get_pubkey inafanya kazi kama get1, wakati ndugu yake X509_get0_pubkey anakuazima tu. Ukikuta EVP_PKEY_assign_RSA, hapo umeukabidhi ufunguo wa RSA kwa EVP_PKEY moja kwa moja. Ukiita RSA_free baada yake, siku EVP_PKEY itakapoachiwa kitu kilekile kitafutwa mara mbili, na hilo ni baya kuliko kuvuja, maana linaharibu kumbukumbu kimyakimya kabla ya kuiangusha programu.

Dawa yako: soma ufunguo mara moja programu inapowaka, uushike, uuachie inapozimwa. Funguo za umma za kuhakikia fanya vivyo hivyo. Kila EVP_MD_CTX unayoifungua kwa ajili ya sahihi iwe na EVP_MD_CTX_free yake, hata pale unaporudi mapema kwa sababu ya kosa. Uvujaji mwingi umejificha kwenye njia hizo za makosa. Kompaili kwa -fsanitize=address, inayosaka makosa ya kumbukumbu, uendeshe risiti za majaribio, kisha uizime programu kwa utaratibu. Itakutajia mstari kwa mstari panapovuja.

Na kama unalisoma faili la ufunguo kwanza kwenye bafa yako mwenyewe, yaani kipande cha kumbukumbu ulichokitenga, EVP_PKEY_free haiigusi bafa hiyo. Ifute kwa OPENSSL_cleanse kabla ya kuiachia. Ukiifuta kwa memset ya C, kompaila ikiona bafa haitumiki tena inaweza kuiondoa amri hiyo, na siri yako ikabaki palepale. Kasoro ya OpenSSL iliyoitwa Heartbleed, mwaka 2014, ilionyesha dunia nzima kwamba kilicho kwenye kumbukumbu ya seva kinaweza kusomwa na mtu aliye mbali, funguo za siri zikiwemo.

Maonyo unayoyaona yametoka na OpenSSL 3.0 ya Septemba 2021. RSA_sign na wenzake bado wanafanya kazi, ila hamia EVP_DigestSign, inayopokea ufunguo wa aina yoyote ya kusaini. Kwa Ed25519 weka NULL mahali pa jina la heshi (fomula ya kufupisha ujumbe kuwa alama yake), na uupeleke ujumbe wote kwa mara moja, kwa sababu EVP_DigestSignUpdate haikubali ufunguo huo.

Nimefika kwenye risiti za zamani. Kila risiti mpya ibebe alama fupi ya ufunguo uliosaini, ili mhakiki ajue achukue ufunguo gani wa umma. Funguo za umma za zamani usizitupe maadamu kuna risiti inayodai. Za siri za zamani ziharibu zote. Lakini ufunguo ule uliosambaa una shida ya ziada: aliye nao anaweza kusaini leo risiti yenye tarehe ya mwezi uliopita, na tarehe iliyo ndani ya risiti haitakusaidia. Kwa hiyo toa kwenye seva orodha ya risiti zote zilizopokelewa mpaka siku ya kubadilisha, uisaini orodha hiyo kwa ufunguo mpya. Risiti ya zamani iliyomo kwenye orodha inalipwa. Isiyomo haikataliwi papo hapo. Inakwenda kwa mpimaji na daftari lake. Watangazie wafugaji mapema walete karatasi zao, maana zile zinazochapwa kwa joto zinafifia zikikaa juani, na mama mwenye ng'ombe wawili asipoteze haki yake kwa sababu yetu sisi wa kompyuta.

La mwisho kwako. Ufunguo wa kusaini hauhitaji nakala ya akiba. Hewa ya chumvi ya huku kwetu ikiila mashine ya kituo, zalisha mwingine kwenye mashine mpya, usajili ufunguo wake wa umma. Risiti za nyuma zitaendelea kuhakikiwa kwa ule wa umma wa zamani.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mwenzangu wa Dar es Salaam anataka nimtumie ufunguo wangu wa umma ili anisimbie mafaili ya mishahara. Nikiutuma kwa WhatsApp kuna hatari gani?
Mhasibu, Bagamoyo

JIBU: Nzuri dada. Ufunguo wa umma kuonekana si hatari, ndiyo kazi yake. Hatari ni kubadilishwa njiani: mtu akimpa mwenzako ufunguo wake mwenyewe badala ya wako, mafaili ya mishahara yatasimbwa kwa ajili ya mtu huyo. Kila mmoja wenu aendeshe amri hii kwenye faili alilo nalo:

openssl pkey -pubin -in umma.pem -outform DER | openssl dgst -sha256

Zitatoka herufi 64. Mpigie simu, sauti yake unaijua, msomeane zote. Msichukue heshi ya faili la PEM lenyewe, ambalo ni maandishi, kwa sababu programu za ujumbe zinaweza kubadilisha mwisho wa mistari na mkaona tofauti isiyo na maana. Ufunguo huu uwe wa kusimbia tu, usiutumie kusaini. Na tofauti na ndugu yetu wa Pongwe, wewe weka nakala ya akiba ya ufunguo wako wa siri, iliyofungwa kwa nenosiri, kwenye flashi iliyo kabatini. Ukiupoteza, mafaili yaliyosimbwa kwa ajili yake hayafunguki tena, na hakuna fundi wa kukusaidia.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Hesabu ya RSA nimeielewa vizuri darasani. Kwa nini nisiandike maktaba yangu mwenyewe?
Mwanafunzi, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba. Iandike, ujifunze, ila usilinde nayo kitu cha mtu. Mwaka 1996 mtaalamu wa usimbaji Paul Kocher alionyesha kwamba muda tu ambao kompyuta inautumia kukokotoa unaweza kufichua ufunguo wa siri. Mwaka 1998 mtaalamu mwingine, Daniel Bleichenbacher, akaonyesha kwamba seva ikijibu tofauti pale vijazio vinavyoongezwa kwenye ujumbe kabla ya kuusimba vinapokuwa na kasoro, majibu hayo yanatosha kuusimbua ujumbe bila kuwa na ufunguo. Hesabu ilikuwa sahihi mara zote mbili. Anza na namba tasa ndogo, linganisha majibu yako na ya OpenSSL, kisha pima muda ambao msimbo wako unatumia kwa funguo mbalimbali. Ukiona muda unabadilika kufuata ufunguo, niandikie utakachokikuta.