Kabla ya Kifaa, Uulizeni Ukuta

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ni kifaa gani kinachofaa kusafisha hewa katika nyumba yenye unyevu?", limenichoma, na naomba radhi kwamba sitaanza na kifaa. Ninakaa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika nyumba ya mawe ya matumbawe, na nyumba za namna hii hutaka kwanza kuulizwa zimepakwa nini.

Masika ya mwaka 2018, chumba cha chini alimolala shangazi yangu pamoja na mwanangu mwenye pumu kilianza kunuka uvundo. Nyuma ya kabati palikuwa pameota kuvu nyeusi, kanga za rafu ya chini zilikuwa na madoadoa, na jalada la msahafu wa shangazi lilikuwa limevaa unga wa kijani. Mtoto alikohoa usiku kucha. Kila magharibi tulifukiza udi na kufunga mlango ili harufu ishike. Nilisugua ukuta kwa dawa ya klorini, na baada ya wiki mbili kuvu ikarudi. Nikapaka rangi ya mafuta, nayo ikatoa malengelenge. Nilipobonyeza lengelenge moja kwa kidole, yalinitiririkia maji, na nilipoyaonja yalikuwa ya chumvi.

Hatimaye tulimwita fundi mzee wa chokaa. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, ukatoa sauti ya mvungu, akauliza ni nani aliyepiga saruji hapa. Ilinibidi niseme ni mimi, kwa kuwa chokaa ya zamani ilikuwa ikimwaga unga kila siku nami nikadhani saruji ndiyo uimara. "Umeuvisha koti la mvua, mwanangu," akasema, "kisha unaulaumu kwa kutokwa na jasho." Jiwe la matumbawe hunywa maji ya ardhini, na chokaa huyaacha yatoke taratibu, saruji huyazuia, nayo hupanda juu zaidi pamoja na chumvi, yakitafuta pa kutokea.

Tulibandua saruji mpaka usawa wa kifua, tukauacha ukuta uchi wakati wa upepo wa kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, tukiipangusa chumvi kwa brashi kavu kila ilipochomoza. Ndipo fundi akapaka chokaa na mchanga, tabaka jembamba baada ya jingine, akilifunika kila moja kwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke upesi. Kabati tulilisogeza shubiri moja kutoka ukutani. Masika iliyofuata kuvu haikuota hapo. Kikohozi cha mtoto pia kilipungua, ingawa mwaka huohuo alibadilishiwa dawa, basi sitathubutu kuupa ukuta sifa yote.

Kuhusu udi, nilitaka kuutetea, lakini ninavyoandika naona siwezi: moshi ni moshi, na chumba kilichofungwa chenye mtoto wa pumu si mahali pake. Sasa tunafukizia nguo ghorofani, madirisha yakiwa wazi. Seredani ya mkaa ndiyo mbaya zaidi, kwani wapo wanaoiingiza ndani ili kukausha chumba, na hewa yake ya sumu isiyo na harufu huua watu usingizini. Hata kufungua madirisha kuna wakati wake, kwa kuwa mvua inaponyesha hewa ya nje huwa na unyevu uleule.

Nilikusudia kumalizia kwa kuwaambia wasomaji wasinunue kifaa chochote. Haki ya Mungu, siwezi. Masika iliyopita binti yangu alituletea mashine ya kunyonya unyevu, tukaiweka katika chumba kilekile, na asubuhi ndoo yake ilikuwa na lita mbili za maji. Kipimo kilichosoma asilimia 85 kilikuwa kimeshuka chini ya 60. Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kubandua ukuta wa watu, ningesema ainunue, ili mradi anaumudu umeme wake na anafunga mlango inapofanya kazi. Asiichanganye tu na mashine ya kuchuja hewa, ambayo hunasa vumbi na chembe za kuvu lakini haipunguzi unyevu hata tone. Swali lenu, kwa heshima, limezifanya mbili hizo kuwa kitu kimoja.

Yetu tunaiwasha Machi na kuizima kusi inapoanza kuvuma. Shangazi bado anaiita "hilo dude lako", lakini jioni ndiye anayekumbusha ndoo imwagwe.