Umeme wa Gari Unaposumbua Baada ya Kubadilisha Eksozi, Anzia Chini ya Gari

Gari ambalo umeme wake ulikuwa mzima hadi siku lilipofungwa eksozi mpya linahitaji, kabla ya jambo lingine lolote, mtu wa kulala chini yake akiwa na tochi. Nasema hivyo kwa sababu katika kazi yangu ya ufundi wa umeme wa magari nimepokea magari mengi ya namna hiyo, na mara nyingi mwenye gari huwa ameshanunua betri, alternata (kifaa cha kuchaji betri) au hata kompyuta ya injini, ilhali kinachosumbua ni waya mmoja uliolalia bomba la moto. Inaniuma kuona mtu akitumia fedha namna hiyo wakati chanzo kingeweza kuonekana kwa macho.

Bomba la moshi lenyewe halitumii umeme. Hata hivyo, mara nyingi huwezi kulibadilisha bila kugusa nyaya za sensa za oksijeni, yaani vifaa vinavyopima oksijeni kwenye moshi, na mara nyingine nyaya za ethi, zinazorudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri. Na pale panapochomelewa, mkondo mkubwa sana hupita katika bodi ya gari. Kwa hiyo uchunguzi ufuate njia ambayo mikono ya fundi wa eksozi ilipita.

Ninaanza na sensa za oksijeni kwa sababu ndizo zinazoumia zaidi. Aina iliyozoeleka ina nyaya nne, na mbili kati ya hizo ni za hita ya kuipasha moto sensa ili ianze kufanya kazi mapema. Hita hiyo hupata umeme wa betri kupitia fyuzi, na katika magari mengi fyuzi hiyohiyo hulisha vifaa vingine vya injini. Ndiyo maana waya wa hita ukiungua na kugusa bomba, gari linaweza kuzimika au kupoteza nguvu kwa namna isiyoelekea kuhusiana na eksozi hata kidogo.

Gari moja lililoletwa kwangu lilikuwa likikata fyuzi kila lilipotiwa rivasi injini ikiwa imeshapata moto, lakini likisimama lilinguruma vizuri tu. Nilipoingia chini niliona kwamba kibanio cha waya wa sensa ya mbele kilikuwa kimeondolewa ili bomba jipya, lenye mkunjo mpana kuliko la zamani, lipate nafasi ya kupita. Plastiki ya waya ilikuwa imelainika na kung'aa upande mmoja, na shaba ilichungulia kwa ukubwa wa punje ya mchele. Injini ilipojivuta kwenye maunti zake, yaani raba zinazoishikilia, wakati wa kurudi nyuma, shaba hiyo iligusa bomba na fyuzi ikakatika. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, jambo ambalo lilikuwa limeshapendekezwa, kungeunguza nyaya zote za upande ule.

Waya wa namna hiyo ukiungwa, uvishwe ala inayostahimili joto na ufungwe mbali na bomba. Ikiwa umeungua upande wa sensa yenyewe, usitumie risasi ya kulehemu, kwa sababu sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake, na risasi huziba njia hiyo. Tumia viungio vya kubana, au badilisha sensa. Hakikisha pia kwamba plagi za sensa hazikubadilishana mahali, kwani katika baadhi ya magari zinafanana kabisa.

Baada ya hapo pima ethi. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye volti za DC, mguso mmoja kwenye chuma cha injini na mwingine kwenye nguzo hasi ya betri, kisha mtu apige stata. Ukisoma takriban volti 0.2 au chini ya hapo, ethi ni nzuri, ikifika 0.5 au zaidi, tafuta waya uliolegea, uliokatika au uliosahauliwa kurudishwa. Usitosheke na kupima ukinzani, kwa maana multimita hupitisha mkondo mdogo mno, na hata waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonekana mzima.

Kama eksozi ilichomelewa betri ikiwa imeunganishwa, pima pia alternata. Injini ikiwa inanguruma, magari mengi husoma kati ya volti 13.5 na 14.7 kwenye betri. Geuza multimita kwenye AC. Ukiona zaidi ya volti 0.5, shuku diodi za alternata, zinazogeuza umeme wake wa AC kuwa DC. Ukitaka kuchomelea tena, ondoa waya hasi wa betri, na kibano cha ethi cha mashine kishikwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mahali panapochomelewa.

Misimbo ya hitilafu, ambayo kompyuta ya injini huihifadhi inapogundua kasoro, nayo isomwe kwa uangalifu. P0135 na P0141 inahusu hita za sensa, hivyo fuata fyuzi na nyaya. P0420 inahusu utendaji wa katalaiza, kifaa cha kusafisha moshi. Ikiwa katalaiza imeondolewa, hakuna waya utakaounga ukaizima taa ya injini. P0171 inaweza kutokana na mwanya kwenye bomba kabla ya sensa ya mbele, ambapo hewa ya nje hunyonywa ndani na kuidanganya kompyuta kwamba mafuta ni machache. Mwanya huo huzibwa kwa gasketi, wala si kwa sensa mpya.

Ukimaliza, futa misimbo, endesha gari hadi lipate moto barabara, kisha lijaribu mbele na rivasi. Rudi chini ya gari baada ya wiki chache, kwa kuwa raba za kuning'inizia bomba hulegea zikizoea uzito mpya, na nafasi uliyoiacha kati ya bomba na waya inaweza kuwa imepungua.