Mdogo wangu anafuga chatu wa rangi: je, pesa yake ni halali?

SWALI

Assalaam alaykum, Sheikh. Naandika kutoka Majengo, Moshi. Mdogo wangu wa kiume yuko Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Huko anafuga chatu wadogo wasio na sumu. Anawapandisha ili wazaliwe wenye rangi tofauti, wengine weupe na manjano, wengine wenye mabaka, kisha anawauza kwa wanaowapenda. Pesa hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama. Sasa anarudi kujenga Njiro, Arusha, na anataka kuja na chatu wawili aanze kufuga hapa hapa. Mama kasema nyoka ni jini, hatatia mguu kwenye nyumba hiyo, na kaanza kuyatilia shaka hata mabati yaliyo juu ya kichwa chake. Mjomba anasema ni kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Mdogo wangu naye anajibu kwamba tausi na kasuku wanauzwa kwa rangi zao na hakuna sheikh anayesema neno. Tufanyeje?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Dada yangu, hapo kwenu kuna maswali manne yaliyofungwa furushi moja. Nianze na la mjomba kwa kuwa ndilo jepesi.

Nadhani anakusudia ile aya ya 119 ya Suratun-Nisaa, ambamo shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili alivyoumba Mwenyezi Mungu. Lakini rangi hizi hakuna mtu aliyeziumba. Chatu hawa kwao ni Afrika Magharibi hadi kufikia Uganda, na porini kawaida yao ni weusi wenye mabaka ya kahawia. Mara moja moja huzaliwa mmoja mweupe mwenye manjano. Wafugaji walimpata wa namna hiyo, wakamtunza, na mwaka 1992 huko Marekani wakafanikiwa kuzalisha albino kutokana na waliofugwa. Rangi hiyo hujificha. Dume na jike wanaweza kuonekana wa kawaida kabisa na wote wakawa wameibeba ndani, na hapo kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino.

Wenye elimu hiyo huita jambo hili jeni. Mama anaogopa jini, kijana anahesabu jeni, mmoja hamsikii mwenzake! Mtume (s.a.w.) alikwisha kulizungumza kwa lugha ya wafugaji. Bedui mmoja alimjia akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Akamuuliza: Una ngamia? Akasema ninao. Rangi zao? Wekundu. Hakuna wa kijivujivu kati yao? Wapo. Wametoka wapi basi? Bedui akasema, huenda ni mshipa wa asili umevuta. Akaambiwa, na mwanao huenda ni mshipa umevuta. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kwa hiyo kuchagua dume na jike ili rangi ya ukoo ijitokeze hakuingii kwenye ile aya. Mjomba mwenyewe, kama ni mtu wa Kilimanjaro, sina shaka ana ng'ombe chotara zizini na maziwa yake anakunywa.

La mama nalo nalichukua kwa heshima, kwani lina asili. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia habari ya kijana aliyeoa karibuni, akarudi nyumbani akakuta nyoka amejikunja kitandani, akamchoma mkuki, na haikujulikana nani alitangulia kufa, yeye au nyoka. Mtume (s.a.w.) akaeleza kuwa Madina kuna majini waliosilimu, na nyoka wa majumbani aonywe kwanza siku tatu kabla ya kuuawa. Wanazuoni wamehitilafiana kama hukumu hiyo ni ya Madina tu au ni ya kila mji. Lakini inamhusu nyoka anayeingia nyumbani bila kujulikana ametoka wapi. Huyu wa kijana wako aliangua kutoka kwenye yai, ndani ya boksi, mtu akimtazama. Mama aambiwe hivyo taratibu. Asipokubali, asilazimishwe kwenda Njiro. Mwana ndiye anayemfuata mama yake Majengo.

Sasa tausi. Hoja hii, nakiri, nimelala nayo usiku zaidi ya mmoja, kwa sababu kijana amegusa penyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ili kitu kiuzwe ni lazima kiwe na manufaa yanayotambuliwa na sheria. Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu hayo, na wenzake wamesema tausi huuzwa kwa kuliwazwa na rangi yake, na ndege mwenye sauti nzuri kwa sauti yake. Basi kama rangi ni manufaa kwa tausi, kwa nini isiwe kwa chatu?

Jibu ni kwamba wanazuoni hao hao walipotaja visivyouzika kwa kukosa manufaa walimtaja nyoka kwa jina, pamoja na nge na panya, wakaongeza kwamba hayatazamwi yale mambo ya ajabu yanayosemwa kuhusu viumbe hao. Walichokitoa katika katazo hilo ni kama ruba, kwa kuwa hufyonza damu mbovu ya mgonjwa. Tena tausi hakuna aliyeamrishwa kumuua, ilhali nyoka ametajwa katika riwaya ya Muslim kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) miongoni mwa wale watano wanaouawa hata ndani ya Haram, eneo takatifu la Makka. Kitu ambacho sheria imetuelekeza tukiondoe njiani, ni vigumu kukifanya pambo la sebuleni na kukipangia bei.

Kijana atasema amri ile ni kwa sababu ya madhara, na huyu hana sumu, hafiki hata nusu ya chatu wetu wa porini, na akiogopa hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa. Ni kweli, na kwa ajili hiyo sitasema kumweka tu ni haramu. Nasema ni makuruhu, yaani halipendezi ingawa si dhambi, kwa asiye na haja naye. Anayemweka kwa kufundishia watu au kwa tiba ana hukumu nyepesi zaidi. Wanaopita barabara ya Dodoma wanaijua bustani ya nyoka ya Meserani, na wapo Wamasai wengi waliotibiwa hapo baada ya kuumwa. Hayo ni manufaa ambayo hata mama atayakubali. Ama kuuza kwa ajili ya rangi tupu, nabaki na madhehebu yangu: mauzo hayo hayasihi. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu kuuza nyoka akiwa na manufaa kama ya dawa, kwa hiyo ni suala lenye hitilafu. Simwiti mdogo wako mla haramu, namwambia atafute riziki isiyo na mjadala.

Lakini liko jambo ambalo hujaniuliza, na hilo sina hitilafu nalo hata kidogo. Katika rangi hizo iko moja wanayoiita buibui, kwa michirizi yake myembamba, iliyoenea tangu mwaka 1999. Chatu wa rangi hiyo huzaliwa na kasoro ya sikio la ndani. Kichwa chake hutikisika, wengine hujipinda hadi kichwa kikageuka chini juu, wakirukia chakula hukikosa. Kasoro hiyo haitengani na rangi, ukitaka mojawapo unapata zote mbili. Huko Uingereza wamefika mahali pa kuwakataza kwenye baadhi ya maonyesho. Mtu anayejua haya, akakaa akawapandisha ili azalishe kiumbe mwenye kizunguzungu cha maisha kwa kuwa michirizi yake inavutia wanunuzi, anafanya haramu. Mtume (s.a.w.) amesema Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu, na akataja hata wakati wa kuchinja. Mwanamke aliingia motoni kwa paka aliyemfungia, akamnyima chakula na akamnyima kutoka akajitafutie. Muulize mdogo wako kama anao wa aina hiyo. Akisema anao, aache kuwapandisha leo, hata kama hatarudi Arusha.

Kwa mintarafu hiyo hiyo, asiwatupie panya hai wakateseka, na panya aliyebanwa pembeni humng'ata chatu pia. Awape aliyekwisha kufa, kama wanavyofanya wengi huko kwa panya wa kugandishwa. Mzoga kumlisha mnyama hakuna ubaya. Mwili wa nyoka hai ni twahara kwetu, si najisi, lakini kinyesi chake ni najisi, nguo ioshwe kabla ya swala.

Kuhusu kuja nao: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuingiza na kufuga mnyamapori atakavyo, panahitajika kibali. Chatu hawa wamo pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hawavuki mpaka bila karatasi. Kumficha kwenye begi ni udanganyifu, na ni mateso kwa mnyama. Halafu kuna baridi. Chatu huyu anahitaji kona yenye joto la nyuzi 31 hadi 33, na mayai hukaa kwenye joto la namna hiyo karibu miezi 2. Njiro ya mwezi Julai mnaijua, na umeme ukikatika usiku mzima mayai hayasubiri. Tena huishi miaka 20, 30 na zaidi. Kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, mmoja alitaga mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na miaka 62. Akifa mwenye nyumba, nani kati yenu atamrithi?

Ushauri wangu ni kwamba wale chatu wabaki huko, awape bila malipo watu wanaojua kuwatunza. Mabanda, taa na vifaa vya joto auze kama vitu vingine, hivyo havina tatizo.

Ama mabati, kijana aliuza akiamini ni halali, katika jambo ambalo wanazuoni wamehitilafiana, na mama alipokea kama zawadi ya mwanawe. Asiyang'oe. Alale chini yake bila wasiwasi, na mvua za masika zikipiga juu amwombee dua mwanawe.

Wallahu aalam.