MUULIZE MAMA: Kanisani naimba kujitoa, nyumbani naitwa mbinafsi

Shikamoo Mama. Mimi ni baba wa watoto 3, nipo Morogoro, naimba besi kwenye kwaya na ndo mweka hazina wake. Ishu yangu ni hii, kila Ijumaa nikitoka kazini napitiaga kitimoto na washkaji, nusu kilo na ndizi, alafu nikifika nyumbani nasema leo nimeshiba sijisikii kula. Nimefanya hivyo miaka. Juzi kati kitinda mimba wangu kanirukia mlangoni akasema mbele ya wageni "baba ananukia kitimoto", mke wangu akanyamaza mpaka wageni walipoondoka ndo akafunguka, eti mimi ni mbinafsi, kanisani naimba kujitoa ila nyumbani nahesabu mpaka dagaa, akakumbushia na mwaka jana nilivyotoa laki 4 za kinanda cha kwaya wakati yeye aliniomba hela ya cherehani nikamwambia asubiri. Imeniuma kweli Mama, maana zaka natoa, michango natoa, misibani nipo. Hivi na mimi ni wa kuitwa mbinafsi? Na kama ni kweli, naachaje?
Besi, Morogoro

Marahaba mwanangu. Niache kwanza nicheke, maana huyo mtoto kakuumbua bila hata kujua. Haya, nimemaliza.

Mkeo yuko sahihi. Wewe mchoyo siyo, ila mbinafsi ndiyo, na hivi viwili watu wanavichanganya sana. Mchoyo hatoi. Mbinafsi anaweza kutoa na akatoa kweli kweli, lakini anachagua pa kutoa, na mara nyingi anachagua pale jina lake litakaposomwa kwa kipaza sauti. Laki 4 za kinanda zilitangazwa, sivyo? Na watu wakapiga vigelegele. Cherehani ingepigiwa vigelegele na nani?

Kwenye Ushirika Mtakatifu unasikia yale maneno ya Paulo, Bwana Yesu usiku ule aliotolewa alitwaa mkate, unayajua kwa kichwa najua. Yametoka 1 Wakorintho 11 kuanzia mstari wa 23. Sasa leo rudi nyuma mistari michache, anzia wa 17, hapo huwa hatusomi sana madhabahuni. Ugomvi ulikuwa chakula! Wakristo wa Korintho walikuwa wanakula pamoja wanapokutana, sasa wenye uwezo wanawahi na vyakula vyao, wanakula, wanakunywa, na wale wasio na kitu wanabaki wanaangalia tu, Paulo anasema huyu ana njaa na huyu amelewa. Ndo akawaambia wanapokula hivyo hawali chakula cha Bwana. Yaani yale maneno matakatifu kuliko yote tunayosoma kanisani yalikuja katikati ya kuwakemea watu waliokula kabla ya wenzao, na dawa aliyowapa mwishoni pale mstari wa 33 ni neno moja tu, mngojane.

Kwa hiyo mwanangu nyama sina ugomvi nayo, na marafiki ni wazuri kuwa nao, hata mimi nikialikwa hiyo nusu kilo nakuja. Nina ugomvi na "leo nimeshiba sijisikii kula". Hiyo sentensi umeitengeneza ili watu wanne wale dagaa bila kujua kwamba wa tano kala nyama. Ukiwa na kitu halali hukitungii uongo.

Na hii ya zaka usinitolee kama utetezi, Yesu alishawajibu watu wa aina hiyo kwenye Marko 7. Kulikuwa na utaratibu mtu akisema kitu fulani ni Korbani, maana yake kimewekwa wakfu kwa Mungu, basi anakuwa hawezi tena kumsaidia nacho baba yake wala mama yake, na inaonekana ni ucha Mungu mkubwa. Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Pale walionyimwa walikuwa wazazi, kwako ni mke, mengine sioni tofauti. Mweka hazina wa kwaya anayeficha salari slipu chini ya godoro! (Hukusema unaificha, nabahatisha, nikikosea nisamehe.)

Alafu kuna Nabali kwenye 1 Samweli 25, kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, siku ya sherehe ya kukata manyoya vijana wa Daudi wanakuja kuomba chochote, anawajibu mkate wangu, maji yangu, nyama yangu. Yangu yangu yangu. Daudi akashika upanga, nyumba ile ingekwisha usiku huo kama mke wake Abigaili asingepakia punda mikate na divai akawahi njiani kumtuliza Daudi. Nakukumbusha hii kwa sababu barua yako inaonyesha umekasirika kwamba mkeo kasema. Huyo kakaa kimya mpaka wageni wakatoka. Ni Abigaili huyo, mshukuru.

Unaachaje. Bibi yangu alikuwa wa uamsho, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda na Kenya na huku kwetu ukaingia kupitia Bukoba, na wale wazee walikuwa na kitu tumekipoteza siku hizi, walikuwa wanatubu kwa kutaja kitu chenyewe. Hakuna "nisamehe kama nimekukosea". Ni niliiba jembe lako, hili hapa. Watu walirudisha vitu kweli. Basi kaa na mkeo, watoto wakishalala, sema Ijumaa zote hizo nilikuwa nakula huko na nilikudanganya, na laki 4 nilitoa ili nionekane. Itakuwa mbaya sana dakika kama kumi hivi. Usiende na kifurushi cha kitimoto siku hiyo, itakuwa kama rushwa. Cherehani pangeni pamoja, slipu ikiwa mezani. Na Ijumaa ukitaka kwenda kwa washkaji aga, sema unaenda wapi na unatumia ngapi, uone kama nyama itakuwa na ladha ileile. Usisubiri moyo ubadilike kwanza ndo uanze, mwanangu utazeeka unasubiri, we anza na mikono.

*

Shalom Mama, mimi ni mwalimu Arusha, wa kwanza kuzaliwa kwa mama, bado sijaolewa. Mshahara ukiingia simu zinaanza, mdogo wangu wa tatu ndo balaa, anaomba mtaji kila baada ya miezi miwili na najua anabeti. Nikitaka kukataa nakumbuka mahubiri ya kujikana nafsi naona nitakuwa mbinafsi, natuma. Macho yananisumbua tangu Januari, miwani sijanunua.
Dada Mkubwa

Shalom binti. Kwako nitakuwa mfupi maana shida yako ni kinyume cha ya Besi. Fungua Wagalatia 6. Mstari wa 2, mchukuliane mizigo. Mstari wa 5, kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Watu wanadhani Paulo kajichanganya, hapana, kuna mzigo unaomwelemea mtu, ugonjwa, msiba, ada ya mtoto, huo tunabeba wote, na kuna furushi ambalo kila mwenye miguu yake anatembea nalo. Kubeti ni furushi. Ukimbebea huyo kijana unamlemaza, na mimi naona sehemu fulani unatuma ili simu iache kuita na mama asikuseme vibaya, sasa hapo umemtanguliza nani?

Mama mtumie kama kawaida, hilo halina mjadala. Huyo wa tatu mpigie wewe kabla hajapiga, usitume meseji, mwambie mtaji hakuna tena, ila akipata kazi hata ya kibarua nauli ya mwezi wa kwanza utatoa. Atanuna. Na miwani nenda kapime wiki hii hii, madaftari ya watoto wa watu unayasahihisha huoni vizuri.