Maswali na Majibu: Seva Mpya, Barua Zilezile

Muda wa usaidizi wa Exchange 2016 na 2019, programu za Microsoft za kuendesha seva ya barua pepe, uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo maswali ninayoletewa ni kama yameandikwa na mtu mmoja: tunahama vipi, na tukihama kitaharibika nini? Nimechagua manane. Marefu nimeyapunguza, na majina nimeyaondoa kwa sababu wakubwa wa baadhi yenu pia husoma hapa.

Fundi, seva yetu ya barua pepe haijawahi kutusumbua. Kijana wa IT anataka tununue mpya, na leseni juu. Si anatafuta njia ya kula pesa tu? (Mhasibu, Industrial Area)

Kijana wenu simjui, ila kwa hili anasema kweli. Gari lisilo na bima hukimbia Thika Road sawasawa na lenye bima. Seva iliyoachwa bila usaidizi nayo itapokea na kutuma kama jana, lakini tundu jipya likigunduliwa hakuna wa kuliziba. Na hugunduliwa. Machi 2021 Microsoft ililazimika kutoa viraka vya dharura kwa matundu manne ya Exchange ambayo tayari wadukuzi walikuwa wakiyapitia, na maelfu ya seva duniani ziliingiliwa kabla wenyewe hawajajua kuna jambo. Hawakuhitaji paswodi ya mtu. Ilitosha seva iwe inafikika kwenye intaneti, na yenu bila shaka inafikika, maana wafanyakazi wanasoma barua wakiwa nyumbani.

Kwa upande wa pesa, toleo jipya linaitwa Exchange Server Subscription Edition, au SE, na lilitoka Julai 2025. Hili halinunuliwi mara moja likasahaulika, leseni yake lazima iwe hai muda wote. Iweke kwenye bajeti karibu na kodi ya ofisi. Na mwambie kijana alete bei tatu, moja iwe ya kuhamia wingu, yaani kutumia seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, mlinganishe.

Nina Exchange 2016, masanduku 180. Naweza kupakia SE juu yake Ijumaa jioni nikaenda zangu? (Afisa wa IT, Upper Hill)

Huwezi. Anayepandisha palepale ni mwenye Exchange 2019 yenye CU14 au CU15 (CU ni furushi la masasisho, na namba yake). Kwake ni kazi ya jioni moja, kama kuweka masasisho ya kawaida. Wewe wa 2016 unajenga seva nyingine pembeni, unaiingiza kwenye mfumo uleule, unahamisha masanduku, halafu unaiondoa ya zamani. Hiyo 2016 iwe kwenye CU23 kabla hujaanza. Na kama kuna Exchange 2013 iliyosahaulika kwenye kona ya rafu, ing'oe kwanza, maana SE haikubali kukaa nayo.

Usakinishaji huanza kwa kubadilisha muundo wa Active Directory, daftari la watumiaji na kompyuta zote za ofisi, na badiliko hilo halina kitufe cha kulirudisha. Chukua nakala rudufu, kisha jaribu kuifungua kwenye mashine ya pembeni. Nakala ambayo hujawahi kuifungua bado ni tumaini tu.

Sasa sikiliza kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ofisi moja Westlands, niliweka seva mpya siku ya Jumanne saa tano asubuhi. Nilijiambia haina sanduku la mtu yeyote, itamgusa nani? Haikupita nusu saa simu ya mezani ikaanza. Kwanza mapokezi, halafu uhasibu, halafu msaidizi wa mkurugenzi: Outlook inaniuliza kama ninakiamini cheti hiki, nibonyeze nini? Exchange mpya, ikishasakinishwa tu, hujiandikisha kwenye Active Directory ili Outlook iione, na cheti inachotoa, yaani kitambulisho chake, ni kile ilichojitengenezea yenyewe, ambacho hakuna kompyuta inayokitambua. Kufikia saa ya chakula nusu ya ofisi walikuwa wamebonyeza ndiyo na nusu walikuwa wamezima mashine wakidhani ni virusi.

Kwa hiyo sakinisha jioni. Na kabla hujainuka kitini, badilisha anwani ya Autodiscover ya seva mpya, ile Outlook inayoifuata kuitafuta seva, ielekee kwenye jina ambalo watu wanalitumia siku zote, kisha pakia cheti halisi. Ni dakika kumi.

Mimi ni katibu muhtasi. Bosi anauliza, siku ya kuhama, zabuni zitakazoletwa kwa barua pepe zitapotea? (Mama wa ofisi, Community)

Mwambie atulie. Kanuni za SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupeana barua, zinaitaka seva ya mtumaji, ikikuta mlango umefungwa, irudi tena na tena kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake. Seva yenu kulala saa tatu ni jambo dogo. Ndivyo mnavyopona kila stima inapopotea.

Hatari iko kwa mlango uliofunguliwa nusu. Seva mpya ikianza kupokea kabla ya kuwajua watu wenu, itajibu kwamba mtu huyo hayupo hapa, na jibu hilo ni la mwisho. Mtumaji anarudishiwa barua papo hapo na harudii. Heri iwe imezimwa kabisa kuliko kudanganya wageni. Ila kuchelewa kupo, kwa hiyo msihame siku ya kufunga zabuni. Barua za zamani zinanakiliwa bosi akiendelea na kazi yake, na mwishoni Outlook itamwomba aifunge na kuifungua tena. Basi.

Usiku wa Jumamosi nilihamisha masanduku 60 kwa mpigo. Saa kumi alfajiri diski ikajaa, barua zote zikakwama. Nilikosea wapi? (Fundi mwenzako, Ngara)

Ulikosea hesabu. Kila kitu kinachoingia kwenye hifadhidata ya Exchange huandikwa pia kwenye faili za logi, na kila faili ni MB 1. Ukihamisha GB 200 za barua, upande wa pili unazaa logi za ukubwa kama huohuo, yaani faili kama laki mbili, na haziondoki mpaka ifanyike bekapu ya programu inayoielewa Exchange. Wewe ulipima diski ya barua ukasahau ya logi.

Kwa sasa usizifute kwa mkono, hata kama mkono unawasha. Hifadhidata ikiwa imezimika ghafla huenda inahitaji baadhi yake ili iamke, na ukishafuta utabaki na bekapu ya Ijumaa na maelezo mengi ya kutoa. Ongeza diski, inua hifadhidata, fanya bekapu, utaziona zikijiondoa zenyewe.

Safari ijayo hamisha kwa mafungu, na bekapu katikati. Unaweza pia kuruhusu logi zijizungushe, mpya zichukue nafasi ya za zamani, wakati wa kuhama tu, mradi unajua kwamba muda huo huna njia ya kurudisha hifadhidata kama ilivyokuwa dakika ya mwisho kabla ya ajali. Fungu la kwanza liwe la watu wa IT wenyewe. Mkurugenzi awe wa mwisho.

Sisi ni shirika dogo Karen. Tuna Postfix na Dovecot kwenye CentOS 7, hatuna habari na Microsoft. Tumepona? (Msomaji)

Hamjapona. CentOS 7, mfumo endeshi wa seva yenu, ilifika mwisho wake tarehe 30 Juni 2024, mapema kuliko Exchange mnayoicheka.

Postfix, inayotuma na kupokea barua, haitawasumbua sana. Dovecot, inayowafungulia watu masanduku yao, ndiyo yenye neno. Mkienda Debian 13, mfumo mwingine wa Linux, mtapewa Dovecot 2.4, na hiyo haisomi faili la mipangilio la 2.3. Inataka faili lianze kwa kutaja namba ya toleo, na mistari kama mail_location haipo tena. Mahali pake kuna mail_driver na mail_path. Niliwahi kukaa jioni nzima nikilitia viraka faili la zamani, kisha nikalitupa na kuandika jipya kwa saa moja. Fanyeni hivyo tangu mwanzo.

Baraka ni kwamba kama mnatumia Maildir, kila barua ni faili lake. Nakilini kwa rsync, programu ya kunakili faili, mchana watu wakifanya kazi, kisha simamisheni huduma usiku na mnakili tena kilichobaki. Msiache faili za dovecot-uidlist, zinazotunza namba ya kila barua. Mkiziacha, simu zote zitadhani barua ni mpya na kuzipakua upya, na wafanyakazi walioko nje watawapigia simu bando likiisha.

Tumehama vizuri kabisa, lakini sasa barua zetu zinaangukia kwenye taka za Gmail. (Kampuni ya utalii, Lang'ata)

Mlibadilisha anwani ya IP, sivyo? Rekodi ya SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, bado inaitaja ya zamani, ufunguo wa DKIM, unaotia sahihi barua zenu, pengine umebaki kwenye mashine mliyoiacha, na PTR, ile inayotafsiri IP kuwa jina, haijulikani inasema nini. Kwa hiyo ya mwisho wengi hupoteza siku nzima wakimpigia aliyewauzia jina la .co.ke. Huyo hana uwezo nayo. Mwenye kuibadilisha ni kampuni ya intaneti iliyowapa IP.

Tangu Februari 2024 Google haina mzaha: kila mtumaji awe na SPF au DKIM, pamoja na PTR inayokubaliana na jina, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail awe na SPF na DKIM zote mbili, na DMARC pia, yaani agizo la nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo. Jitumieni barua kwenye Gmail, fungueni asili yake, muone kama SPF, DKIM na DMARC zimeandikwa PASS.

Wakili wetu anasema sheria inakataza barua za wateja kuwekwa kwenye wingu nje ya Kenya. (Meneja, Kilimani)

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikatazi moja kwa moja; inataka kuwe na kinga ya kutosha huko data inakokwenda, ingawa Waziri anaweza kuagiza aina fulani zibaki nchini. Mwombeni awaandikie kifungu anachokitegemea. Mimi ninahofia zaidi zile diski za seva ya zamani, ambazo mtu atazipeleka Luthuli Avenue kuuza zikiwa na barua za miaka minane. Hilo likitokea mnaweza kujikuta mna saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data.

Masanduku yote yamehama. Seva ya zamani inapiga kelele na kula stima. Niizime leo? (Msomaji, South B)

Usiizime leo. Fungua logi za SMTP za seva hiyo uone nani bado anaigongea. Utakuta skana ya ghorofa ya pili, utakuta mfumo wa uhasibu, utakuta programu ya mishahara inayotuma mara moja tu kwa mwezi, ndiyo maana nasema subiri mpaka tarehe za mshahara zipite. Kila mmoja muelekeze kwenye seva mpya. Ndipo uiondoe Exchange ya zamani kwa kisakinishi chake mwenyewe. Ukichomoa waya tu, Active Directory itaendelea kuamini kwamba ipo.

Mimi nilisoma logi za siku tano nikaona zinatosha. Wiki tatu baadaye stima ikapotea, jenereta ikawaka, na baada ya dakika arobaini ikazima kwa kukosa dizeli. Kumbe kidude cha jenereta ndicho kilichokuwa kikituma barua ya onyo tangi likikaribia kukauka, na barua hiyo ilikuwa ikipitia seva niliyokwisha kuibomoa. Aliyekiweka alikuwa ameacha kazi zamani. Paswodi ya kidude hicho tuliipata ndani ya kifuniko chake, imeandikwa kwa kalamu ya wino.