"Vilivyotiwa sumaku" na "awamu": swali la mfasiri wa fizikia

SWALI: Ninafasiri muhtasari wa tasnifu ya fizikia. Kichwa nimekiandika hivi: "Mpito wa awamu katika vihami vya kitopolojia vilivyotiwa sumaku." Msimamizi wangu anasema kina walakini, ila hakunionyesha uko wapi. Nisaidie, mwalimu.

JIBU: Walakini upo, tena mahali pawili. "Vihami vya kitopolojia" viache vilivyo. Ni vitu ambavyo ndani havipitishi umeme lakini usoni vinapitisha, na neno "topolojia", tawi la hisabati linalochunguza sifa za umbo zisizobadilika umbo likivutwa au kupindwa, limeshazoeleka.

Kinachonisumbua zaidi ni "vilivyotiwa sumaku". Mtu akisikia msumari umetiwa sumaku, anaelewa umesuguliwa kwenye sumaku hadi nao ukavuta pini. Umepata sifa mpya, haukuingizwa kitu. Maabara hufanya jambo jingine: atomi chache, tuseme za kromi, hukalishwa mahali pa atomi za bismuthi au antimoni. Kila atomi ya kromi ni kijisumaku, lakini kipande kizima huenda kisiwe sumaku bado, kwa kuwa penye joto vijisumaku hivyo huelekea huku na huko. Kipoze vya kutosha, ndipo vinapolala upande mmoja. Hilo ni mojawapo ya mabadiliko yenyewe yanayochunguzwa! Ukiandika "vilivyotiwa sumaku" umeshatangaza kwamba yametokea. Sema "vilivyotiwa atomi zenye usumaku". Na kitenzi "kutia" umekichagua vizuri: tone la wino hutiwa kwenye maji, ila mchanga na saruji huchanganywa.

Sasa "awamu", uliyoitumia kwa "phase" ya Kiingereza. Neno hili limebeba zamu: deni hulipwa kwa awamu, ya kwanza ikiisha inafuata ya pili. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya vipande vyenye kromi, vya bismuthi iliyoungana na seleni na teluri, ambavyo uwiano wa seleni na teluri ulitofautiana. Penye teluri nyingi usumaku wa pamoja ulikuwepo. Seleni ilipozidi, ukatoweka. Vipande hivyo ungeweza kuviweka mezani kimoja kando ya kingine, na hakuna kilichomtangulia mwenzake. Awamu iko wapi hapo? Iliyopo ni hali, kama barafu na maji yalivyo hali mbili za kitu kimoja. "Mpito" nao unanipa shaka, maana kipindi cha mpito hudumu na kupita, na hapa tunataka badiliko lenyewe.

Utaniambia "hali" tumeshazipa yabisi, kimiminika na gesi, na vipande hivi vyote ni yabisi. Kweli. Kwa hiyo ndani ya muhtasari fafanua mara moja tu: "hali ya kiusumaku" au "hali ya kitopolojia", kwani sifa ya kitopolojia hapa hutegemea atomi nzito, na kromi ni nyepesi kuliko bismuthi, hivyo ikizidi inaweza kukiondolea kihami hata sifa yake ya kitopolojia. Baada ya hapo "hali" pekee itatosha.

Kichwa chako basi: "Mabadiliko ya hali katika vihami vya kitopolojia vilivyotiwa atomi zenye usumaku."