Muulize Bwana Miti: "Mwarobaini wetu unakauka toka tuweke pevingi"

Kiangazi cha Dodoma kimeshakolea, vumbi kama kawa, na barua za safari hii karibu zote zinalia kitu kimoja, mti mkubwa wa nyumbani unakauka na mwenye nyumba kashaanza kuulizia bei ya chensoo. Nimejibu nne, zingine zimejirudia.

*Shikamoo Bwana Miti. Niko Ilazo, tulinunua kiwanja 2019 kina mwarobaini mkubwa, ndo uliofanya tupapende, mafundi wote wakati wa ujenzi walikuwa wanakula chini yake. Mwaka jana tukaweka pevingi uwanja mzima mpaka shinani, tukaacha kaduara kadogo tu ambako namwagilia ndoo moja kila jioni. Toka mwezi wa saba majani yanapukutika na matawi ya juu kabisa yamebaki vijiti. Jirani anasema mizizi imefika kwenye shimo la choo ikaungua. Mume wangu anataka tuukate. Nifanyeje? Mama Wawili*

Marahaba mama. Mwambie baba aweke shoka chini kwanza tupime. Shika kitawi kimoja kwenye hayo yaliyobaki vijiti ukikwangue kwa ukucha, chini ya ganda ukikuta ukijani mbichi hapo pana uhai, ukikuta kahawia na pakavu shuka kidogo ukwangue tena mpaka uupate. Mwarobaini ukizidiwa na ukame unadondosha majani wenyewe kubana matumizi, kwa iyo kupukutika peke yake sio msiba. Ila vijiti vinavyoanzia kileleni kushuka chini, hiyo ni taarifa inayotoka kwenye mizizi.

Na mizizi yenyewe mmeifunika. Watu wengi wanadhani mti mkubwa unakunywea shinani. Pale shinani pana mizizi minene ya kushikilia tu, ile myembamba kama nywele inayonyonya iko mbali, simama saa sita mchana pale kivuli kinapoishia, iko hapo na inaendelea kwenda nje zaidi, na mingi haizidi nusu mita kwenda chini. Hapo ndo fundi alipopitisha mashine ya kushindilia, akamwaga kifusi, akapanga pevingi, na kama nawajua mafundi wetu basi toroli la zege lilikuwa linaoshewa hapohapo kivulini kwenye ubaridi. Udongo ulioshindiliwa haupitishi maji wala hewa, na maji ya saruji yana ukali kama wa chokaa. Ndoo yako ya lita 20 inalowesha vidole vinne vya juu, kesho saa nne asubuhi jua limeshaibeba. Shimo la choo jirani analisingizia tu, mizizi ikifika kule inashukuru.

Ng'oeni pevingi kuzunguka shina angalau mita mbili kila upande, alafu kule kwenye ukingo wa kivuli mfungue mkanda upana wa mita moja, gari bado litapata pa kupita. Msitumie sululu, tumieni mtalimbo kutoboa vishimo vishimo, ukigusa mzizi hama. Maji yatiririke kidogo kidogo kwa mpira, usiku ndo vizuri. Kujua yamefika wapi chukua kipande cha nondo nyembamba ukisukume kwa mikono, kwenye udongo uliolowa inazama bila ubishi, ikifika pakavu inagoma. Ikizama sentimita 40 hadi 50 hamishia mpira upande mwingine, mkimaliza duara lote msirudie mpaka wiki tatu au mwezi. Alafu tandaza majani makavu au maganda ya karanga unene wa vidole vinne, ila yasiguse shina, acha nafasi kama urefu wa rula ya mwanafunzi.

Vijiti vilivyokufa vitabaki vimekufa, vikateni. Mbolea msiweke sasa hivi, mti wenye kiu haulishwi chumvi.

Nisijifanye mjuaji sana, mimi mwenyewe na cheti changu cha misitu niliwahi kuua mjohoro nyumbani kwangu. Nilijenga kaukuta ka mawe kuzunguka shina nikajaza kifusi mpaka magotini nipande maua, yani palipendeza kweli. Mwaka wa pili nikafukua, ganda lote lililofukiwa lilikuwa linavuka mkononi kama viazi vitamu vya kuchemsha, na harufu juu. Shina limezoea hewa, ukilizika linaoza.

*Shikamoo mzee. Nina mwembe dodo hapa Nkuhungu umri wake unazidi wangu. Zamani ulikuwa unazaa hadi tunagawa mtaa mzima, toka nimevuta maji nikaanza kuumwagilia kila siku umekuwa wa kijani balaa lakini embe hakuna. Je niongeze maji? Kijana wa Nkuhungu*

Usiongeze kijana, umeushibisha mpaka umesahau kuzaa. Mwembe kabla ya kutoa maua unahitaji miezi miwili mitatu ya njaa ya maji, ndo maana kwetu huku mvua zikikata mwezi wa nne unakaa, unakaa, alafu unachanua kwenye baridi ya mwezi wa sita kwenda wa nane. Wewe ulikuwa unaumwagilia kipindi hichohicho, na mti ukiona maji unatoa majani mapya. Mwakani ikiisha mvua funga bomba kabisa, usiuonee huruma. Maua yakishapita na vijiembe vikafika ukubwa wa punje ya maharage hapo ndo ufungue.

Na ukifungua toa ya maana. Mimi natumia hesabu ya lita 15 kwa kila sentimita ya unene wa shina. Zungushia kamba shina usawa wa kifua, ukipata sentimita 125 gawa kwa tatu na ushee, unene ni kama 40, kwa iyo lita 600, mapipa matatu makubwa, mara moja kwa mwezi. Najua unaguna. Lakini piga hesabu ya ndoo moja kila siku ni lita zilezile 600 kwa mwezi, tofauti ni kwamba zile zote zilikuwa zinaishia juu juu. Maji ya kusuuzia vyombo na ya kuoshea mboga peleka, yenye jiki au sabuni ya unga nyingi usipeleke.

Kingine, una bati? Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 linashusha kama lita 1,000. Mvua ya hapa kwa mwaka mzima wastani ni kama milimita 550 hadi 600 na karibu yote inashuka kati ya mwezi wa 12 na wa nne, alafu watu wanaiacha ikimbilie barabarani. Chimba kamfereji kutoka kwenye gata mpaka ukingo wa kivuli, sio shinani.

*Mchwa wamepanda kwenye mgunga wangu wa uani. Fundi kasema nipake oili chafu na chokaa. Ni sahihi? Baba Neema*

Oili chafu ipake kwenye nguzo za fensi, zile zimeshakufa. Kwenye mti ulio hai inachoma ganda na ikishuka inaharibu udongo. Chokaa ni urembo tu, haiui wala haiponyi. Kwangua ile njia ya udongo ya mchwa uone chini yake, mara nyingi wanakula ganda kavu la nje na mti hauna habari. Ukikuta wameingia kwenye jeraha na mbao ndani ni laini, bonyeza na bisibisi, ikizama sana tafuta mtaalamu aje.

*Bwana Miti, upepo wa mwezi wa nane umetutisha, kuna kijana anataka kuunyoa mkwaju wetu wote juu ubaki shina ili usituangukie. Nimwache? Bibi Chang'ombe*

Shikamoo bibi. Usimwache. Mti ukinyolewa kipara unatoa machipukizi mengi kwa pupa, yameshikilia juu juu tu kwenye ganda, baada ya miaka michache hayo ndo yanayodondoka. Pia shina linabaki linapigwa na jua tupu mpaka ganda linapasuka.

Aondoe yaliyokauka na yanayosuguana, yasizidi robo ya mti kwa mwaka. Tawi zito alikate mara tatu, kwanza achanje kwa chini mbali kidogo na shina, pili akate kwa juu mbele ya ule mchanjo lidondoke bila kuchana ganda, mwisho amalizie kisiki karibu na shina ila asiiguse ile shingo iliyovimba yenye mikunjo, ndo inayofunga kidonda. Asipake rangi wala lami. Kama tawi liko karibu na nyaya asipande hata kwa dawa, waiteni TANESCO.

Ila bibi mimi nina swali, kama mna ukuta wa fensi, mliujenga lini na uko upande gani? Kama msingi ulichimbwa karibu na shina upande wa mashariki unakotokea upepo, mizizi ya kushikilia itakuwa imekatwa, na hapo hatari ni ya kweli. Kaangalie udongo upande huo, ukiona umepasuka au umeinuka, wajukuu wahame chini ya huo mti leo, alafu niandikie tena.